Usiiuze Lenzi ya Baba

Je, kabatini kwenu kuna Nikon ya filamu aliyoitumia baba kupiga picha za harusi hapa Kakamega? Usiiuze kwa bei ya kutupa. Kwa mwanafunzi anayetafuta karo kwa kurekodi video za sherehe, lenzi hiyo ni akiba.

Itafungwa kwenye kamera ya kisasa kwa adapta, yaani pete ya chuma. Lenzi ya Nikon hukaa milimita 46.5 kutoka mahali picha inapotua. Kamera za Sony aina ya E zina milimita 18 tu. Pete hujaza zile 28.5. Ikizidi unene, vitu vya mbali havitaonekana wazi.

Lakini tahadhari. Pete ya kawaida haipitishi umeme, hivyo utalenga na kurekebisha tundu la lenzi kwa mkono. Mvua zetu nazo huotesha ukungu ndani ya vioo. Mulika kwa tochi kwanza.

Zaidi ya yote, fanya mazoezi nyumbani kabla ya Jumamosi. Maharusi hawatavishana pete mara ya pili kwa sababu yako wewe ulikuwa ukihangaika na yako!