Usikubali Kuwa Gati la Mtu

Wiki hii tunakatiza majuu hadi Ujerumani, kisiwa cha Rügen kwenye Bahari ya Baltiki. Huko kuna mji unaitwa Sassnitz, na kisa chake kinatuhusu sana sisi vijana.

Zamani vilikuwa vijiji viwili vya wavuvi, Sassnitz na Crampas, vikaungana mwaka 1906. Wenye pesa zao walishaanza kwenda kule kupunga upepo. Mwanamuziki Johannes Brahms alikaa huko kiangazi cha 1876, na mwaka huohuo simfonia yake ya kwanza ikapigwa hadharani. Tatizo ni moja: ufukwe wa Sassnitz ni mawe matupu, wakati jirani yake Binz kajaliwa mchanga laini. Hebu niambie, wanaopenda kuogelea walikimbilia wapi?

Mwaka 1909 ikaja feri ya kwenda Trelleborg, Sweden. Siyo feri ya mchezo, mabehewa ya treni yalikuwa yanaingia mlemle ndani! Mji ukachangamka. Lakini abiria ni abiria tu. Lenin alipita hapo Aprili 1917 akiwahi mapinduzi kwao Urusi. Akapanda feri, huyoo!

Mwaka 1998 feri za Trelleborg zikahamia bandari ya Mukran, nje kidogo ya mji. Mwaka 2020 kampuni iliyokuwa inaziendesha ikafuta kabisa safari hiyo.

Utasema mji umekwisha. Wapi! Wageni bado wanamiminika, wanafuata kitu ambacho hakijawahi kupanda feri: majabali meupe ya chaki yaliyo jirani na mji. Maarufu kuliko yote ni Königsstuhl, lenye urefu wa mita 118. Juu yake kuna msitu wa kale ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Pale bandari ya mjini kuna boti za kuwapeleka watu wakayaone.

Sasa tuje kwetu. Namfahamu dada mmoja mtaani, jamaa yake huja akiwa na njaa au akiwa amefulia. Anakula, anapumzika, anasepa. Dada anajipamba, anasubiri feri. Siku jamaa akipata Mukran yake, hata kwaheri hatapewa.

Dada, jabali lako ni lipi? Cherehani yako? Sauti yako? Akili yako ya biashara? Lishike hilo. Anayekuja kwako bila hata kuliona ni abiria huyo. Mkatie tiketi aende zake.