Wastani Haumjui Dereva Maskini

Kila mjadala wa bima ya gari unapozuka Marekani, hoja ni ileile: bima si ghali, kwa sababu kaya ya kawaida huitolea sehemu ndogo tu ya kipato chake, na madereva walio wengi wanayo. Kwa hiyo anayeendesha bila bima ni mzembe au mkaidi. Hoja hii ni potofu, na upotofu wake unaanzia kwenye kipimo chenyewe.

Tuanze na hilo la wengi kuwa nayo. Ukiacha New Hampshire, kila jimbo humlazimisha mwenye gari kukata bima, na asiyekata huweza kutozwa faini, kupoteza leseni na hata gari lenyewe. Unafuu wa kitu cha lazima haupimwi kwa kuhesabu walionunua. Mfanyakazi wa zamu ya usiku anayeishi pasipo na basi atalipa bima kwanza, halafu ndipo atafute kodi ya nyumba na fedha za dawa. Stakabadhi yake inaonyesha kwamba amelipa; haionyeshi amejinyima nini.

Sasa tuje kwenye wastani. Chukua familia mbili, kila moja inalipa bima ya dola 1,200 kwa mwaka. Ya kwanza ina kipato cha dola 80,000, kwa hiyo bima inachukua asilimia 1.5. Ya pili ina dola 24,000, na bima inakula asilimia 5. Zijumlishe, utaambiwa zinatumia asilimia 2.3 tu. Tarakimu hiyo si ya familia yoyote kati ya hizo mbili, lakini ndiyo itakayopelekwa bungeni.

Sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010 iliunda Ofisi ya Bima ya Shirikisho ndani ya Wizara ya Fedha, ikapewa jukumu la kufuatilia kama watu wa kipato cha chini na jamii za wachache wanapata bima wanayoimudu. Januari 2017 ofisi hiyo ilitoa utafiti uliopima kwa misimbo ya posta: pale ambapo bima ndogo inazidi asilimia 2 ya kipato cha kati cha kaya, imewashinda wakazi. Kati ya maeneo ya jamii za wachache na ya kipato cha chini yaliyochunguzwa, 845 yalivuka kikomo hicho, yenye watu milioni 18.6.

Na hapo kipimo kilikuwa cha upole. Kilihesabu bima ndogo peke yake, ilhali aliyenunua gari kwa mkopo hulazimishwa na mkopeshaji kukata bima kubwa. Kiliwaacha waliokataliwa na soko la kawaida. Tena kilitumia kipato cha kati, na nusu ya kaya za eneo lolote ziko chini ya hapo. Tangu wakati huo bei zimepaa: mwaka 2023 peke yake bima ya gari ilipanda kwa zaidi ya asilimia 20.

Watetezi wa makampuni husema kikomo cha asilimia 2 ni cha kubuni. Kila kikomo huchaguliwa na watu. Marekani hiyohiyo huhesabu kwamba familia inayotumia zaidi ya asilimia 30 ya kipato kwa makazi imeelemewa, na sera hupangwa kwa msingi huo. Anayekataa kila kikomo anakataa kupima.

Husema pia kwamba bei hufuata hatari. Mwaka 2017 ProPublica na Consumer Reports walichunguza California, Illinois, Texas na Missouri, wakakuta baadhi ya makampuni yakitoza mitaa ya jamii za wachache hadi asilimia 30 zaidi ya mitaa mingine yenye gharama za ajali zinazolingana. Hatari ni sawa, bei si sawa. Katika majimbo mengi bei hutegemea pia historia ya mikopo, ingawa California, Hawaii na Massachusetts zimeipiga marufuku kwa bima ya gari. Mkimbizi wa Kikongo anayefika leo kutoka kambini hana historia hiyo hata kidogo, na miaka aliyoendesha Afrika mara nyingi haihesabiwi. Atatozwa kama mtu wa hatari kabla hajagusa usukani.

California imeonyesha kwamba njia ipo. Tangu kura ya maoni ya mwaka 1988, bei huko inatakiwa kutegemea kwanza rekodi ya dereva, umbali anaoendesha na uzoefu wake, na jimbo lina mpango wa bima nafuu kwa wenye kipato kidogo.

Kipimo cha haki kinajulikana. Makampuni yatoe takwimu za bei kwa kila msimbo wa posta. Dereva mwenye rekodi ileile alinganishwe mtaa kwa mtaa. Bei ipimwe dhidi ya kipato cha kaya za chini za eneo hilo, na wahesabiwe walioacha bima kwa kushindwa kulipa. Serikali inayomlazimisha mtu kununua kitu ina wajibu wa kujua kama anakimudu. Isipopima hivyo, isimwite mzembe.