Mtoto anayechelewa na mtoto anayerudi nyuma



Juma hili tunazungumza juu ya watoto ambao miguu, mikono au shingo haziwatii. Mtaani wote hupewa jina moja, kilema, na mara nyingi neno la uchawi hufuata. Lakini magonjwa yao si mamoja. Mama ndiye wa kwanza kuona tofauti, kwa sababu ndiye anayemwogesha mtoto, anayemlisha na kumbeba mgongoni.

Tuanze na mtindio wa ubongo. Ni jeraha ambalo ubongo ulipata ungali mchanga: tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza. Linaweza kutokana na kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, uchungu uliodumu mpaka mtoto akakosa hewa, umanjano mkali wa siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Mara nyingine sababu haijulikani. Jeraha hilo halikui. Ni kama kovu. Kwa hiyo mtoto huyu anachelewa, lakini kwa kawaida anasonga mbele. Watoto wengi hukaa bila kushikwa kati ya miezi 6 na 9, nao hutembea kabla ya miezi 18. Yeye anaweza kukaa akiwa na miaka 2 au 3, na wengine hawatembei kamwe. Ila kile alichojifunza, kwa kawaida anakitunza.

Magonjwa ya aina ya pili huendelea kula nguvu za mtoto. Huyu alikuwa anakaa, sasa anaanguka. Alikuwa anaita "mama", sasa amenyamaza. Sisi walimu huliona hata darasani: kijana aliyekuwa anakimbia sasa anaanguka ovyo, na akitaka kuinuka hujisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa misuli ambao huwapata hasa wavulana. Mwingine mwandiko wake unaharibika mwezi kwa mwezi.

Dalili hizi zitupeleke hospitali bila kungoja: mtoto kupoteza jambo alilolijua, kichwa cha mtoto mchanga kukua upesi kupita kiasi, kutapika asubuhi pamoja na kuumwa kichwa, mgongo kutoa nundu huku miguu ikilegea, ndugu wawili wa tumbo moja kuwa na shida ileile. Baadhi ya magonjwa haya yanatibiwa. Maji yanayojaa kichwani yanapasuliwa, kifua kikuu cha mgongo kina dawa, virusi vya Sida vinavyoshambulia ubongo vina dawa. Miezi inayopotea katika vyumba vya maombi, bila kumwona daktari, hairudi. Tuombe, ndiyo, lakini tuombe njiani tukienda hospitali.

Sisi Wakongomani tunalo pia jambo la tatu, konzo. Daktari Giovanni Trolli aliandika juu yake mwaka 1938 kutoka Kwango, na hata Kivu Kusini imeonekana. Mtoto aliyetembea vizuri jana anaamka miguu yote miwili imekakamaa. Baada ya hapo haizidi, isipokuwa shambulio lirudi, lakini pia haiponi. Inatokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, hasa mahali ambapo chakula kingine ni haba. Njaa na haraka ya soko visitufanye tupunguze siku za kuloweka: muhogo uliomenywa ukae majini siku 3 au zaidi, kisha uanikwe vizuri. Na bugali ipate maharagwe au samaki kila inapowezekana.

Tujihadhari pia tusidanganyike. Mtoto wa mtindio wa ubongo anaweza kuonekana kama anazidiwa: anakua, anakuwa mzito, misuli inakaza, au kifafa kinamchosha. Hapo jeraha halijaongezeka; viungo vinataka kunyooshwa kila siku na kifafa kinataka dawa. Vilevile ugonjwa unaoendelea unaweza kupewa jina la mtindio wa ubongo siku ya kwanza. Ndiyo sababu jina la zamani lisitufunge macho.

Dawa ya wasiwasi ni daftari. Kila mwisho wa mwezi tuandike: anashika shingo? anakaa? anashika kijiko? anasema maneno gani? Asiyejua kuandika amwombe mtoto mkubwa au mwenzake wa kikundi. Baada ya miezi mitatu kurasa zitasema kama anapanda au anashuka, na daktari atazisoma kwa furaha. Lakini akipoteza jambo, tusingoje hiyo miezi.

Na yule anayechelewa tusimfiche nyumbani. Mwili usiotii si akili isiyokuwapo. Tumlete masomoni, tutamtafutia pa kukaa.

Tuonane juma lijalo.