Betri ya Pili: Akiba Haiozi

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Neno hili twalitumia sana katika mambo ya chakula na fedha, lakini leo nataka kulipeleka mahali ambapo wengi wetu hatulifikirii, nako ni chini ya boneti ya gari. Nionavyo mimi, gari lolote la mtaani ambalo hutumiwa kwa vipaza sauti, kisha likategemewa kubeba wagonjwa, halina budi kuwa na betri mbili, na betri hizo zifungwe na fundi ajuaye afanyalo.

Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa kazi za gari la namna hiyo. Ndilo lipitalo mitaani kutangaza msiba na saa ya maziko. Ndilo liegeshwalo kando ya uwanja wakati wa maulidi, likavipa umeme vipaza sauti na taa pindi stima ipoteapo. Ndilo lichukualo jamaa za bibi harusi. Na mwenye gari hilo hilo ndiye agongewaye mlango saa nane za usiku, mtoto ameshikwa na degedege au mja mzito ameshikwa na uchungu. Gari ni la mtu mmoja, lakini haja ni za mtaa mzima.

Mtaani kwetu liko gari kama hilo. Usiku mmoja, sherehe imekwisha na watu wamelala, lilitakiwa kumpeleka mama hospitali kujifungua. Lilipotiwa ufunguo lilitoa mlio mmoja tu, likanyamaza. Vijana walikimbilia kulisukuma, lakini gia zake ni za kujibadilisha zenyewe, na gari la gia hizo haliwaki kwa kusukumwa. Ikabidi jirani wa mtaa wa pili aamshwe atoe lake. Alhamdulillahi, mama na mtoto ni wazima. Lakini je, tuendelee kuishi kwa kubahatisha?

Betri ile haikuwa na kosa, kwani ilipewa kazi isiyokuwa yake. Betri ya kawaida ya gari dogo ni ya volti 12, yenye vyumba 6, kila kimoja kikitoa kama volti 2. Asili yake ni betri ya risasi na asidi aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Hii ya kuwashia injini ina mabamba mengi membamba, ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha altaneta iurudishe. Haikutengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ikikamuliwa mara kwa mara mabamba yake huharibika, na joto letu la pwani hulizidisha jambo hilo.

Natufanye hesabu ndogo. Betri ya ampea-saa 60 yafaa itumiwe nusu tu, yaani ampea-saa 30. Vipaza sauti na taa vikila ampea 10, nusu hiyo yamalizika kwa saa 3. Basi shughuli ianzayo baada ya sala ya isha hadi saa sita za usiku yaishinda.

Dawa yake ni ile waijuayo mama zetu. Nyumbani huwekwa mitungi miwili, mmoja wa maji ya kunywa na mwingine wa kazi nyinginezo, na hakuna aruhusiwaye kuoshea vyombo kwa maji ya kunywa. Katika gari, betri ya kwanza ni ya kuwasha injini peke yake. Ya pili, afadhali iwe ya aina yenye mabamba mazito iliyotengenezwa kwa kazi ndefu, huvilisha vipaza sauti na taa. Baina yao hutiwa swichi ya umeme iitwayo rilei. Injini ikiwaka na altaneta ikitoa umeme, rilei huziunganisha betri zote mbili zijae. Injini ikizimwa, rilei huzitenga. Katika baadhi ya magari mapya altaneta huongozwa na kompyuta na hupunguza umeme wake, kwa hivyo hayo huhitaji kifaa maalumu cha kuchaji betri ya pili badala ya rilei.

Nimewaona mafundi wakitwaa betri kuukuu, wakaifunga pamoja na mpya kwa waya mwembamba wa taa, pasi na rilei wala fyuzi. Huko si kuongeza akiba. Betri dhaifu huinyonya yenye nguvu, na asubuhi zote mbili zimelala. Wengine, kwa kutojua, huunga chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, wakapata volti 24 na kuunguza redio na taa. Yapasa chanya iende kwa chanya na hasi kwa hasi. Waya uwe mnene, na kila betri iwe na fyuzi karibu na chanya yake, kwani waya usio na fyuzi ukichubuka kwenye bati huwaka moto. Betri ifungwe imara isicheze. Ikiwa yawekwa ndani pamoja na abiria, iwe ya aina iliyozibwa, tena ndani ya sanduku lenye njia ya hewa kwenda nje, maana betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja yatosha kuilipua.

Mwenye gari asiondoke kwa fundi kabla ya kupima. Injini izimwe, vipaza sauti viwashwe nusu saa, kisha betri ya kwanza ipimwe. Ikiwa volti zake zimeteremka, kazi haijafanyika. Na kwa sababu ya chumvi ya hewa yetu, vichwa vya betri visafishwe na kupakwa grisi kila mara.

Wako watakaosema kwamba gharama ni kubwa, na kwamba yatosha kuiacha injini ikiunguruma. Lakini injini iungurumayo usiku kucha yala mafuta, yawafukiza moshi walioketi kusikiliza, na kwa mwendo huo wa polepole altaneta haitoi nguvu zake zote. Wengine watanunua betri moja kubwa zaidi. Hiyo ni sawa na mtungi mmoja mkubwa, kwani ukimalizika umemalizika wote.

Rai yangu ni kwamba gharama hii isiachiwe mwenye gari peke yake. Kamati za shughuli zetu huchangisha fedha za mahema, za mapambo na za pilau. Nazitenge fungu la betri ya pili, rilei yake na ujira wa fundi mwema, kwa kuwa gari hilo halifanyi kazi ya mwenyewe bali kazi ya watu wote. Sherehe ni siku moja, na haki ya jirani ni kila siku. Atakayekuja kugonga mlango usiku ule huenda akawa ni wewe msomaji, au ni mimi.