Jina Jema Halirithiwi

Wako watu wasemao kuwa sifa ya Toyota ni bahati ya Wajapani. Msomaji, usikubali neno hilo. Ni mto wa kulalia wavivu. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1937 na Kiichiro Toyoda, mwana wa mvumbuzi wa mitambo ya kufumia nguo. Mwaka 1950 ilikaribia kufilisika, na Kiichiro akajiuzulu. Gari la Crown lilipouzwa Marekani mwaka 1958, lilikosa nguvu katika barabara za kasi. Je, waliilaumu barabara? La! Waliacha kuliuza, wakatengeneza jingine, na mwaka 1965 Corona ikapendwa huko. Daftari lako lirudipo na wino mwekundu, usilifiche, lifungue ujifunze.