Nyumba za Msomera na hoja ya ardhi 'isiyotumika'

MGOGORO wa nyumba zilizojengwa na Serikali katika Kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, umezungumzwa zaidi kwa kuwatazama wanaohama kutoka Ngorongoro. Wenyeji waliokuwapo kijijini hapo kabla ya nyumba ya kwanza kusimama wamesikika kwa nadra, ingawa malalamiko yao ndiyo yanayovigusa vijiji vingi zaidi, vikiwamo vya Milima ya Pare kama Vudee.

Kaya za kwanza ziliwasili Msomera Juni 2022. Kila moja iliahidiwa nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja cha ekari 2.5 na shamba la ekari 5. Baadaye ikatangazwa awamu ya nyumba 5,000 ambazo, mbali na Msomera, zingejengwa pia Saunyi wilayani Kilindi na Kitwai wilayani Simanjiro. Kwa hesabu hiyo, viwanja na mashamba pekee vinahitaji ekari 37,500, malisho yakiwa bado hayajaguswa.

Serikali ilieleza kuwa eneo hilo lilikuwa Pori Tengefu la Handeni na kwamba lina nafasi ya kutosha. Wenyeji walipinga. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 iliwanukuu wakisema hawakushirikishwa na kwamba ardhi waliyoitumia iligawiwa wageni. Ikumbukwe kuwa wengi wa wenyeji hao nao ni wafugaji wa Kimaasai, hivyo wanaodai kuwa huo ni ugomvi wa kabila wanapotosha.

Hoja ya pori tengefu nayo ina upungufu. Kabla ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, pori tengefu lilidhibiti uwindaji. Halikuwazuia watu kuishi, kulima wala kuchunga humo. Vijiji vingi viliandikishwa ndani ya maeneo ya aina hiyo, vikachagua viongozi na kujengewa shule.

Lakini kiini cha tatizo kimo katika sheria mbili zilizotungwa mwaka mmoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaizuia Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka huohuo, inapotafsiri ardhi ya jumla, ambayo iko chini ya Serikali Kuu, inajumuisha humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Tafsiri ya Sheria Namba 5 haina maneno hayo. Basi nani aamue kuwa ardhi haitumiki?

Mkazi wa Vudee anaweza kulijibu swali hilo kuliko mpimaji aliyetoka mjini. Katika bonde la Mto Vudee wakulima hutumia ndiva, mabwawa madogo ya asili yanayojazwa maji usiku na kufunguliwa asubuhi ili yamwagilie mashamba kwa zamu. Anayepita mchana huona shimo tupu. Vivyo hivyo kwa misitu ya jadi ya Wapare, mshitu na mpungi, ambamo hakuna anayelima wala kukata mti, kwa kuwa ni mahali pa matambiko na jando. Malisho ya Msomera ni ya namna hiyo pia: huachwa miezi kadhaa ili nyasi ziote, kisha mifugo hurudi.

Same yenyewe ina kumbukumbu chungu ya jambo hili. Wafugaji walioondolewa katika Pori la Akiba Mkomazi mwaka 1988 walifungua kesi, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ikakataa hoja kwamba wao ndio waliotangulia kukaa huko. Mwaka 2008 pori hilo likawa hifadhi ya taifa.

Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume mbili, moja ya migogoro ya ardhi Ngorongoro na nyingine ya kutathmini uhamaji wa hiari. Kwa vijiji vya milimani, hatua ya karibu zaidi imo katika Sheria Namba 5, inayotaka kila kijiji kiwe na daftari la ardhi yake ya jumuiya. Ndiva na mshitu vikiandikwa humo na Mkutano Mkuu ukaridhia, itakuwa vigumu kwa ofisa yeyote kudai kwamba alikuta eneo tupu.