Matatu mpya zipimwe uthabiti, si rangi

Majuzi katika Barabara ya Juja, pale watu wanaposhukia kuingia Mathare, nilikuta umati umeizingira matatu mpya. Vijana waliisifu kwa michoro na muziki. Mwanafunzi mmoja aliyevaa sare alinihesabia hata spika zake. Nilipomwuliza iwapo gari refu namna ile lingestahimili kukwepeshwa ghafla, alicheka. "Mwalimu, hayo dereva ndiye ayajuaye."

Sikumlaumu, kwani hata sisi wazazi hatuulizi.

Oktoba 1997, waandishi wa jarida la magari la Uswidi, Teknikens Värld, walilijaribu Mercedes-Benz A-Class, gari dogo lililokuwa limeingia sokoni punde tu. Walilikwepesha kama dereva anayemhepa mnyama aliyejitosa barabarani, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 60 kwa saa. Likapinduka. Kiwanda kile mashuhuri kilijitetea kwanza. Hatimaye kikasimamisha mauzo, kikarekebisha gari na kulifungia mtambo wa elektroniki wa kulizuia lisiyumbe.

Hizo kilomita 60 ndizo zinazonikosesha usingizi. Kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo wengi wetu tunaziita sheria za Michuki, zilidai vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80. Basi matatu yaweza kutii sheria barabara na bado ikabingirika.

Walimu wa fizikia wanaweza kulithibitisha hili darasani kwa kisanduku na mawe machache. Kadiri uzito unavyopanda juu, ndivyo kisanduku kinavyoanguka kwa kuinamishwa kidogo. Nasi huchukua fremu iliyoundiwa lori, tukaijengea bodi ndefu gereji, tukapachika spika na keria, kisha utingo akajaza abiria waliosimama. Ajabu ni kuwa bado tunauliza kwa nini gari limelala ubavu mtaroni!

Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lina kiwango cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria, KS 372. Lakini karatasi iliyo ofisini haimfai mtoto anayepanda gari alfajiri akienda shule. Ninachotaka ni kwamba kila muundo mpya ujaribiwe uwanjani, ukiwa na magunia ya mchanga kwenye kila kiti, ukwepeshwe huku waandishi na wazazi wakitazama. Matokeo yabandikwe mlangoni, mwanafunzi wangu ayasome kabla ya kuhesabu spika.